Pembe ya Tawi

Mstari wa arobaini na saba, shamba la majaribio, Wuhan.
Machi imeingia na ukungu wake
nami nimepiga magoti topeni
na kipimapembe cha plastiki,
kile kile cha watoto wa shule, kimepasuka ukingoni.
Tawi la kwanza, nyuzi hamsini na mbili.
La pili, hamsini na tano.
Mkanola huu umetanua mikono
kama mtu anayezuia mlango.

Peng Dewang, anayeniandikia namba,
anauliza tunatafuta nini hasa.
Mwembamba, namwambia, aliyenyooka.
Anajishika kitambi: "Basi mimi nimefeli."

Jeni haikai peke yake, ina ukoo.
Kabichi na tanipu walioana zamani, hakuna aliyealikwa,
na kila mmoja akaja na mizigo yote ya kwao.
Ndiyo maana humu ndani kila kazi ina warithi:
wa kuamua jicho lipi la shina liamke,
wa kulionyesha tawi juu ni wapi,
wa kukata kimo.
Wanne wanne, sita sita, majina yamefanana,
wengine wamelala, wengine wanajifanya wamelala.
Ukimnyamazisha mmoja
nduguye anavaa koti lake asubuhi ile ile
na tawi halijui kwamba kuna msiba.

Mwaka wa kwanza nilizima mmoja. Nyuzi hamsini.
Mwaka wa pili, wawili. Arobaini na nane,
na mvua ikaulaza mstari mzima kifudifudi.
Mwaka wa tatu sikwenda nyumbani sikukuu.

Nyumbani ni Enshi, ambako mlima umesimama wima
hata kiazi kikikuponyoka unakikuta kwa jirani.
Mama yangu, Xiang Cui'e, alivuna kwa mundu,
Mei, kabla umande haujakauka,
maana ganda likikauka hupasuka kwa kuguswa tu.
Matawi yalishikana, hili kwa lile,
kama nywele za mtu aliyelia usiku kucha;
ukivuta shina moja, kumi yanakuja nalo,
na mbegu zinanyesha ndani ya viatu.
Jioni alivua viatu juu ya beseni.
Akagonga soli. Akapekua soksi.
Kisigino chake nacho kilikuwa na mavuno.

Mgongo wake una pembe pia.
Sikuwahi kuipima.

Leo, mstari wa arobaini na nane,
wale waliozimwa wote wanne:
nyuzi kumi na nane.
Dewang ananiambia nirudie. Narudia. Kumi na nane.
Umesimama kama mshumaa, maua juu, mikono ubavuni,
utapanda miwili palipokaa mmoja
na mashine itapita bila kukwama.
Nikampigia mama picha, nikaituma, nikampigia simu.

"Unatoa kilo ngapi?"
Mmoja mmoja, pungufu kidogo, nikasema,
lakini ukiibananisha shambani...
"Nimeuliza kilo."
Na mashine, mama, haitakwama tena.
"Mashine haifiki huku."
Nikasikia akifunika sufuria.
"Na yale matuta nimeyaacha. Mwaka wa pili huu. Ni nyasi."
Hukuniambia.
"Ulikuwa unapima."

Mei ikaja.
Mashine ikakata mstari wa arobaini na nane
kwa muda wa kunywa kikombe cha chai,
profesa akapiga makofi mawili, akatazama saa.
Dewang akaniuliza mbona sicheki.

Usiku, bwenini, nimevua viatu juu ya beseni.
Sheria inataka hivyo: mbegu hizi zisitoke shambani,
kila moja ihesabiwe, iandikwe, ifungiwe.
Nikagonga soli. Nikapekua soksi.
Kumi na moja.
Nimeziandika daftarini: tarehe, mstari, idadi.
Safu ya mwisho inauliza zilipatikana wapi.
Kalamu bado iko mkononi.